Kwaya Tuliicheka, Sheikh Tukamlipa

Mashoga zangu, na hasa nyinyi mabibi harusi watarajiwa mnaohesabu siku. Leo sina singo, sina hina, sina mitindo ya kufunga mtandio. Nina fulana ya mitumba, na nina hasira. Nivumilieni.

Wiki mbili kabla ya Ramadhani nilikwenda Isingiro kumuoza mtoto wa kaka yangu. Kwa wasiopajua, ni bara, mkoa wa Kagera, wilaya ya Kyerwa, ambayo mpaka 2012 ilikuwa bado ndani ya Karagwe. Ukitoka Unguja unapanda boti, kisha unakaa kwenye basi mpaka miguu inavimba, na ukifika unakuta ukungu, migomba, mibuni, baridi ya kuvaa sweta, na mpaka wa Uganda hauko mbali. Wenyeji ni Wanyambo. Kaka yangu alikwenda huko kununua kahawa, akapata mke, akasahau njia ya kurudi. Waislamu wapo ila si wengi, na wala msidhani Uislamu huko umeingia jana: wafanyabiashara wa pwani na Waarabu walikuwa na kituo chao Kafuro, Karagwe, zama za Mukama Rumanyika, na yule Mzungu Speke alipofika 1861 alikuta njia imeshakanyagwa na watu wa kwetu. Lakini majirani wengi ni Wakatoliki na Walutheri, na harusi ikiingia, jikoni haulizwi mtu dini. Anaulizwa kisu chake kiko wapi.

Siku ya kupika, mdogo wake bibi harusi akaja na mzigo wa kuni, amevaa fulana nyeusi aliyoinunua gulioni kwa elfu mbili. Kifuani kuna msalaba ndani ya duara jekundu, umekatwa kwa mstari, kama ile alama ya barabarani ya kukataza kuegesha gari. Mtoto mwenyewe alidhani ni alama ya barabarani kweli. Bibi yake akaitazama, akasema hiyo ndiyo nguo ya kuvaa kwenye nikahi. Tukacheka. Mimi nilicheka kuliko wote, nikaongeza na neno langu ambalo leo nalionea haya, silirudii hapa.

Pale jikoni palikuwa na jirani, mama wa kwaya wa parokiani, ambaye tangu alfajiri alikuwa ameinama anamenya ndizi za walima wetu. Hakukasirika, au alificha. Akafuta kisu kwenye jani la mgomba, mikono imejaa utomvu, akasema kwa upole: "Msalaba mmeukata, sawa. Na yule sheikh aliyeondoka na kahawa ya mama bibi harusi, fulana yake mnaishona lini?"

Jiko zima kimya. Wifi yangu akainamia sufuria. Na mimi, shangazi mtu, niliyesafiri nchi nzima kuja kumsimamia mtoto, nikawa sijui kahawa gani inasemwa.

Nitarudi kwenye kahawa. Kwanza fulana, kwa sababu usiku ule sikulala, nikawa naitafuta kwenye simu, na nilichokikuta kimenigeuza kichwa.

Ile ni nembo ya kundi la muziki la Los Angeles linaloitwa Bad Religion, yaani Dini Mbovu, lililoanzishwa 1980 na vijana waliokuwa bado wanasoma sekondari. Muziki wao ni panki. Wengi wetu neno panki tunalijua kwa kinyozi, pembeni kumenyolewa juu zimesimama, na si mbali na ukweli, maana mtindo ulitoka hukohuko. Muziki wenyewe ulipamba moto New York na London miaka ya 1970: gitaa la kelele, nyimbo fupi za dakika mbili, mtu anapiga kelele badala ya kuimba, nguo zimechanika na kushikizwa kwa vikwasi. Naam, vikwasi vilevile tunavyobania mitandio yetu.

Na tangu mwanzo moja ya kazi zao kubwa ilikuwa kuwadhihaki watu wa dini. Dead Kennedys, kundi la San Francisco, mwaka 1981 walitoa santuri wakaiita In God We Trust, Inc. Maneno hayo yameandikwa kwenye pesa za Marekani, yaani tunamtegemea Mungu. Wao wakaongeza herufi zile zinazokuja mwisho wa jina la kampuni. Jalada lilimwonesha Masihi kwenye msalaba wa noti za dola. Mimi Muislamu jalada hilo linaniudhi, kwa sababu Nabii Isa alayhi salaam ni Mtume wangu pia. Lakini zile noti nazielewa. Ndiyo miaka ambayo wahubiri wa televisheni Marekani walikuwa wanakusanya michango ya wajane mpaka haihesabiki. Mmoja wao, Jim Bakker, mahakama ilimtia hatiani mwaka 1989 kwa kuwatapeli wafuasi wake, akahukumiwa miaka 45, ingawa baadaye ilipunguzwa sana. Kwa hiyo vijana wale wa vikwasi walipokuwa wanapiga makelele kwamba kuna wizi unafanyika kwa jina la Mungu, walikuwa wanapiga makelele juu ya jambo la kweli, miaka minane kabla ya hakimu.

Kuna na wale wasichana wa Urusi, Pussy Riot. Tarehe 21 Februari 2012 waliingia Kanisa Kuu la Kristo Mwokozi, Moscow, nyuso wamezifunika kwa vitambaa vya rangi, wakarukaruka mbele ya madhabahu wakiimba dhidi ya Putin na dhidi ya mkuu wa kanisa lao, Patriaki Kirill, aliyekuwa akimpigia debe. Walitolewa baada ya muda mfupi sana. Agosti watatu kati yao wakapewa miaka miwili jela, mmoja akaachiwa kwenye rufaa. Mimi nasema wazi: kuingia sehemu ya ibada ya watu ukaruka ni kosa. Yule mama aliyekwenda kuwasha mshumaa wake kumwombea mgonjwa hakumkosea mtu. Lakini subiri usikie la saa. Mwezi wa Aprili mwaka huohuo, kwenye tovuti ya kanisa hilo ikaonekana picha ya Patriaki amekaa mezani, mkono mtupu. Watu wakatazama vizuri. Meza ilikuwa imepigwa msasa ikang'aa kama kioo, na ndani ya meza kivuli cha mkono kina saa, saa ya bei ya nyumba. Saa waliifuta mkononi, kwenye kivuli wakasahau. Kanisa likaomba radhi. Mwenzangu, kuna msanii gani wa dhihaka angeweza kutunga kitu kama hicho?

Sasa turudi nyumbani, maana najua mnasema hayo ya Wazungu yanatuhusu nini.

Mwaka 2022 Diamond Platnumz na Zuchu walitoa wimbo wa Mtasubiri. Wimbo wa mapenzi, hauna ubaya wa ajabu. Lakini kwenye video kuna kipande wanaonekana kanisani, kwaya inaimba, kisha waimbaji wanaiacha kwaya wanakwenda kwenye starehe. Septemba mwaka huo, baada ya BASATA kuandika barua, TCRA ikaamuru video isioneshwe tena kwa kuwa inaudhi imani ya watu. Mnakumbuka tulivyosema sisi? Mimi nakumbuka nilivyosema. Kwenye makundi yetu ya simu tulicheka, tukasema wamezidi kulalamika, ni wimbo tu.

Hebu tugeuze. Zuchu ni mtoto wetu wa Unguja, binti wa Khadija Kopa. Diamond ni Naseeb Abdul. Wasanii wawili wa Kiislamu wanatafuta nyumba ya Mungu ya kufanyia mzaha, wanaruka misikiti yote ya Dar es Salaam, wanakwenda kuazima ya jirani. Sasa chukua wasanii wawili Wakristo, watengeneze video yenye madrasa, watoto wa kike na mabaibui yao wanasoma juzuu, simu inalia, wanaruka dirisha kwenda disko. Mngecheka? Wallahi pasingelalika hapa Unguja. Tungeandamana mpaka Forodhani.

Na hata ukiondoa la dini ya nani, angalia ni nani anayechekwa. Kwenye hiyo video haguswi askofu mwenye gari la kifahari wala mhubiri anayeuza chupa za mafuta. Anayechekwa ni msichana wa kwaya. Yule anayeamka Jumapili gizani, anatembea kwa miguu, anaimba bila malipo, sare ameinunua kwa kudunduliza. Yaani yule mama wa Isingiro mwenye utomvu mikononi. Wenye panki wa kweli wana kipimo ambacho video ile haina: wanampiga mwenye nguvu. Wakimshukia mnyonge, wamekuwa wahuni wa kawaida wenye magitaa. Ndiyo maana kuifungia ile video sikuona kama ni busara, na kuicheka pia haikuwa busara. Serikali ilifungia video moja, na biashara ya Mungu ikaendelea. Februari 2020, Moshi, watu 20 walikufa kwa kukanyagana uwanjani wakikimbilia kukanyaga mafuta ya upako. Ishirini. Hilo halikutokana na video.

Najua atakayeniandikia kwamba dhihaka juu ya dini ni istihzai na istihzai inamtoa mtu katika Uislamu. Ni kweli, na tusicheze nalo. Sura ya Tawba, aya ya 65 na 66, imeshuka juu ya watu walioifanyia mzaha dini wakiwa safarini, wakasema tulikuwa tunapiga soga tu, na udhuru wao haukukubaliwa. Allah, Aya Zake, Mtume Wake, hapo hakuna utani, na wimbo unaogusa hapo mimi nauzima. Lakini mbele kidogo urudi nyuma, sura hiyohiyo, aya ya 34: tunaambiwa sisi tulioamini kwamba wengi katika wanavyuoni na watawa wanakula mali za watu kwa batili. Ni Qur'ani inayosema, si gitaa. Na sura ya Jumua, aya ya 5, waliobebeshwa kitabu wasikifuate wamefananishwa na mnyama gani? Punda aliyebeba vitabu. Kaa uitafakari hiyo picha. Punda anapita sokoni, mgongoni maktaba nzima, yeye anawaza majani. Hakuna nembo ya fulana yenye makali hayo.

Basi kuna mstari, nao si mgumu kuuona. Imani ya mtu haichekwi. Hujurat 11 inakataza watu kudharauliana, na wanawake tumetajwa kwa jina letu kabisa humo, sijui kwa nini tunaisoma haraka haraka. Miungu ya wengine hatuitukani, An'am 108, wasije wakamtukana Allah kwa kutojua. Fulana ya msalaba uliokatwa, mgongoni kwa mtoto wa Kiislamu, mbele ya jirani Mkristo, inaangukia hapo moja kwa moja, hata kama kule ilikotoka waliokata msalaba walikuwa wanamaanisha msalaba wa kwao. Mtu akimsema baba yake ni jambo moja. Ukimsema wewe baba yake ni vita. Lakini mwizi aliyejificha ndani ya kanzu, huyo hana kinga ya aya yoyote. Kumnyamazia kwa kuwa kavaa kanzu, huko ndiko kuidharau kanzu.

Tena sisi wa visiwani tusijifanye dhihaka ni kitu cha kuletwa. Siti binti Saad, aliyetoka Fumba, na santuri zake akarekodi Bombay 1928, alimwimba Kijiti, muuaji aliyetoroka huku mashahidi wakafungwa wao, na mji mzima ukajua mahakama imefanya nini. Leo nenda harusi yoyote ya Mjini, mwanamke akitaka kumsema mwenzake hafungui mdomo, anavaa khanga yenye neno lake, anapita mbele yake mara tatu. Hiyo ndiyo panki yetu, na ni ya zamani kuliko yao. Ila tazama tunaitumia kwa nani. Kwa wifi, kwa mke mwenza, kwa jirani aliyejenga. Khanga ya kumpitia mbele sheikh tapeli sijaiona.

Sasa kahawa.

Baada ya maneno ya jirani nilimvuta wifi nyuma ya nyumba. Alilia kabla sijauliza. Miezi miwili kabla, mtu alikuja Isingiro kwa gari, kanzu nyeupe, kilemba, kitabu kwapani. Akasema amesikia kuna binti wa Kiislamu anaolewa, akataka amwone, akamtazama viganja, akatikisa kichwa. Nyota imefungwa. Kuna husda, na husda inatoka upande wa kuumeni, kwa mwanamke mtu mzima anayekaa karibu na bahari.

Karibu na bahari, jamani. Kwenye ukoo ule mwanamke wa karibu na bahari ni mmoja, anaandika maneno haya.

Bei laki nne: kombe la siku saba, chupa ya mafuta, kisomo cha usiku mmoja, na hirizi ya kushonea ndani ya shela. Na sharti, mume asijue, akijua dawa inaharibika. (Kila tapeli ana sharti hilo. Ukisikia dawa inaharibika mumeo akijua, jua mumeo ana akili.) Wifi hakuwa na pesa. Akaenda kwa mtu wa butura. Kwa msiojua: butura ni kuuza kahawa ikiwa bado mtini, buni za kijani hazijaiva, kwa bei anayotaka mnunuzi, kwa kuwa wewe una shida leo na yeye hana. Ukingoja mavuno ukapeleka chama cha msingi, ukauza kupitia KDCU, unapata bei yako. Ukikata butura, unachuma mwenyewe, unaanika mwenyewe, mwingine anakuja na gari kuchukua. Serikali inaipiga marufuku kila mwaka, na kila mwaka shida inakuja kabla ya mavuno. Wifi alikata magunia matatu. Ndiyo ada ya skuli ya watoto wawili wadogo.

Nikaelewa na jambo jingine. Tangu nifike, bibi harusi alikuwa ananikwepa. Nilikuja na singo yangu, liwa, karafuu, maua ya waridi, kila kitu kutoka Darajani, nimekibeba mapajani kwenye basi kama mtoto mchanga. Nikimwita ananiambia, "Shangazi, mama amesema mpaka kesho." Kesho ikawa kesho. Nilidhani ni haya za kibibi harusi. Kumbe mtoto niliyemshika siku ya akika yake ameambiwa mikono yangu ina uchawi.

Sikilizeni vizuri, kwa maana hapa ndipo watu watanigeuzia maneno. Qur'ani ni shifaa, naamini hivyo kwa moyo wangu wote. Ruqya ipo. Na najua hadithi mtakayoniletea, ya Abu Said al-Khudri, maswahaba waliomsomea Fatiha mtu aliyeumwa na mdudu wakapewa kondoo, na Mtume, swalla Llahu alayhi wa sallam, akaikubali. Isomeni yote basi. Watu wale waliwanyima wageni chakula kwanza. Mgonjwa alikuwa mgonjwa wa kuonekana, kaumwa na mdudu, hakutabiriwa. Aliamka akatembea, ndipo kondoo wakatolewa. Hakuna swahaba aliyekwenda kwenye hema la mtu mzima wa afya akamwambia binti yako ana nge asiyeonekana, nipe kondoo thelathini kwanza, na mumeo asijue. Kul-a'udhu mbili mama yeyote anazijua. Mama akimsomea bintiye usiku wa kuamkia harusi, mkono juu ya kichwa, bei yake ni kuchelewa kulala tu.

Na msiniambie hayo ni ya bara. Hapa Unguja nimeorodheshewa na bibi harusi mmoja gharama zake: ukumbi, mpambaji, picha, keki, halafu mstari mmoja umeandikwa "kinga". Laki sita. Kuliko keki! Nilipomuuliza kinga ya nini akasema hajui, ila kila mtu anafanya, na wakwe watasemaje. Tumefika mahali mtapeli wa dini yuko kwenye bajeti ya harusi pamoja na mtu wa muziki, na mtu wa muziki angalau unaona alichokuja nacho.

Machi 2024 BASSFU ilimfungia Zuchu miezi sita kwa vile alivyotumbuiza Kendwa. Sawa, ndiyo sheria za kwetu, sibishani nazo leo. Bali sijasikia hata siku moja mganga wa kanzu kafungiwa wiki. Tumejenga masikio makali kwa wanaoimba, kwa wanaosoma tumeyaziba. Kule Aceh, Indonesia, Desemba 2011, polisi walivamia tamasha la panki Banda Aceh wakakamata vijana 65, wakawanyoa vichwa, wakawatia ziwani kuwaosha, wakawaweka siku kumi kufundishwa adabu. Vijana wa Kiislamu. Na lile tamasha lilikuwa la kuwachangia mayatima. Mimi vile viduku vyao sivipendi, mwanangu akinyoa hivyo tutagombana. Ila nimejiuliza sana, siku ile mbele ya Allah ni nani aliyekuwa kwenye kazi ya dini, mwenye mkasi au mwenye gitaa la mayatima.

Kwa mabibi harusi wanaopenda tamthilia, wapo wanaoijua We Are Lady Parts ya Uingereza, ya 2021, aliyoiandika na kuiongoza Nida Manzoor. Wasichana wa Kiislamu London wana kundi la panki, meneja wao amevaa nikabu, na mpiga gitaa, Amina, anasomea elimu ya vijidudu huku anatafuta mume usiku na mchana. Yapo humo nisiyokubaliana nayo. Lakini wanajicheka wenyewe, nyumba yao wenyewe, bila kuazima ya jirani, na ukimaliza huoni dini imepungua. Unaona watu wa kujionesha wamepungua.

Ninachotaka basi. Nataka kila bibi harusi anayenisoma aifute "kinga" kwenye daftari lake leo, na mama yake akigomba amwoneshe maandishi haya. Nataka sheikh wa kweli, na tunao wengi, wanaosomesha watoto wetu kwa malipo ya aibu, wapande mimbari waseme hawa si wenzetu, kwa majina yao na kwa bei zao. Wakinyamaza wasilalamike siku kijana wa Kiislamu atakapochukua gitaa na kuwaimba kwa pamoja, mwema na mwizi. Na nataka anayebuni maneno ya khanga anitafute, nina maneno yangu tayari.

Usiku ule wa Isingiro, jirani yetu wa kwaya ndiye aliyemshika mkono bibi harusi akamleta chumbani kwangu. Sijui alimwambia nini kwa Kinyambo. Nilimpaka singo mpaka saa saba za usiku, sote watatu tunanuka karafuu, na mtoto akalala mapajani kwangu. Hirizi tuliikuta kwenye pindo la shela, tukaifumua. Ndani mlikuwa na kipande cha gazeti, ukurasa wa michezo.

Fulana nimeinunua kutoka kwa yule kijana kwa elfu tano, akaona mjini kuna wajinga. Mbele ya mama wa kwaya nikaomba radhi, naye akanipa kahawa ya kutafuna, ndivyo wanavyofanya kwao kwa mgeni, tukatafuna.

Kwa mtu wa butura nilikwenda mwenyewe na kaka yangu, ambaye sasa anajua. Nilitoa zile laki nne nimrudishie pesa zake. Akakataa. Akasema amekubaliana kahawa, anataka kahawa.

Juzi wifi kanipigia. Buni zimeanza kuwa nyekundu, gunia la kwanza limeshachukuliwa. Na yule sheikh kamtumia ujumbe wa simu, salamu ndefu na dua, kwamba mwezi huu ana punguzo kwa maharusi wapya wanaotafuta mimba.